Somo: Pedali za gitaa alizoacha marehemu, tubaki nazo au tuuze?

Muyomba wangu alipofariki, tulikuta chini ya kitanda chake sanduku la bati lenye pedali saba, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa la umeme. Miaka ya 1980 alipiga solo kwenye baa za Kamalondo, hapa Lubumbashi. Matanga yalikuwa hayajamaliza wiki, kijana mmoja akaja na dola 25, akaomba ile ya samawati hafifu. Nilimpa na Fanta juu yake. Baadaye sana nikajua kwamba ilikuwa CE-2 ya kampuni ya Boss, iliyotengenezwa Japani, pedali ya korasi (hufanya gitaa moja lisikike kama mengi) ambayo wapiga gitaa wa nchi za nje wanaitafuta kwa tochi. Zile sita zilizobaki nilizishughulikia hivi.

Hatua ya 1. Jua mwenye mali. Kosa langu la kwanza halikuwa bei. Mimi ni mpwa, na marehemu ana mabinti wawili. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Kwa hiyo nilikuwa nimeuza kitu cha watu. Kaeni pamoja, andikeni orodha, pigeni picha kila pedali juu na chini. Bila hivyo, baba mdogo atakuja mwaka ujao kuuliza "ile nyekundu iko wapi?"

Hatua ya 2. Fungua kabla ya kuchomeka. Chukua bisibisi, toa kifuniko, tazama betri. Betri iliyosahaulika ndani miaka ishirini huvuja, na maji yake hula waya na vibati vya kushikia. Itoe, ukwangue unga mkavu polepole kwa mswaki mkavu. Waya ukiwa umekatika, usiulehemu wewe.

Hatua ya 3. Usitengeneze, usipendezeshe. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanapaka rangi upya, wanatoboa tundu la adapta, fundi wa redio anabadilisha chipu "kuukuu". Mnunuzi wa pedali za zamani analipia vitu vilivyotoka kiwandani: skrubu zake, rangi yake iliyochubuka, lehemu ambayo haijaguswa. Boksi la karatasi na kijitabu chake navyo vina bei, msivichome pamoja na nguo kuukuu. Vumbi jekundu la hapa kwetu lifute kwa kitambaa kikavu, basi.

Hatua ya 4. Tafuta umri. Geuza Boss, soma chini: Japani au Taiwani? Kuelekea 1990 kazi ilihamia Taiwani, na za Japani ndizo zinazotafutwa zaidi. Phase 90, pedali ya kampuni ya MXR, ilitoka Marekani, mjini Rochester, miaka ya 1970. Kampuni hiyo ilifungwa 1984, kisha kampuni ya Dunlop ikachukua jina. Za kwanza hazikuwa na taa wala tundu la adapta. Ukiona vyote viwili, ama ni ya baadaye, ama kuna mtu aliitoboa. Ukikuta ndani ya pedali, nyuma ya nobu (kile cha kuzungusha), namba inayoanza na 137, tarakimu nne zinazofuata ni mwaka na wiki: 7545 ni wiki ya 45 ya mwaka 1975. Hiyo ni tarehe ya nobu. Pedali yenyewe huenda iliunganishwa miezi kadhaa baadaye.

Hatua ya 5. Jaribu kwa betri mpya ya volti 9. Usianze na adapta ya marehemu. Kama ilinunuliwa Japani ni ya volti 100, na umeme wetu ni 220. Moshi utauona mara moja tu.

Hatua ya 6. Sikiliza, lakini usisikilize siku moja. Mpe mtu anayepiga kweli, iwe kanisani au baa, azitumie wiki mbili. Nobu ikikwaruza ni vumbi tu, haipunguzi sana thamani. Sauti ikikatika-katika ukikanyaga, swichi imechoka. Sauti ikififia taratibu, mara nyingi ni kapasita zilizokauka, na fundi mzuri anaweza. Andika kila kasoro, maana mnunuzi utamwambia.

Hatua ya 7. Bei, kisha uamuzi. Hapa mjini pedali ni pedali. Bei yake ni ya kitu kilichotumika. Tovuti kama Reverb ya Chicago inaonyesha bei ambazo watu walilipa kweli. Hizo ndizo za kusoma. Bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake. Kisha ondoa gharama ya kutuma na ya mtu wa kati, uone kinachobaki.

Sisi tuliuza Phase 90 na Ibanez TS9 kupitia ndugu aliye Ubelgiji. Boss DS-1 ya Taiwani, ambayo imejaa duniani, tulimpa kijana wa kwaya. Pedali ya wah na nyingine moja bado zipo, hatuna haraka. Pedali ya mwangwi, Boss DM-2, ndiyo ilikuwa na bei kubwa kuliko zote, na mimi nilisema iuzwe. Binti mkubwa akaomba ichomekwe. Gitaa lilipojibu mara ya pili na ya tatu, akasema: "Hii ndiyo sauti ya papa Jumamosi." Haikuuzwa.

Maswali ya wanachama

*Yambo yaya. Boss yangu imeandikwa ACA. Kwa adapta mpya taa yake ni hafifu na sauti imelegea. Imekufa? (Ruashi)*

Haijafa, leki. ACA zilitengenezwa kwa adapta ya zamani inayotoa volti zaidi ya 9. Weka betri, itaamka. Ukitaka adapta, iunganishe kwenye waya mmoja wa umeme na Boss nyingine iliyoandikwa PSA (ya adapta mpya), na zote mbili ziwe zimeunganishwa kwa waya wa gitaa.

*Papa aliacha pedali ya Fuzz Face yenye transista za germanium. Asubuhi inaimba vizuri, mchana inalia vibaya. Fundi anataka kuzibadilisha. (dada wa Katuba)*

Mama, mkatalie! Germanium haipendi joto, na mwezi wa kumi kabla ya mvua hapa kwetu unaujua. Ijaribu usiku. Pia nyingi za zamani zina chanya ya umeme upande wa bodi ya chuma, kinyume na pedali nyingine; usiziunganishe kwenye adapta moja, ni shoti.

*Mnunuzi anasema atalipa akishaipokea. Nimtumie?*

Hapana.

*Tuko watoto wanne, pedali ni moja. Tufanyeje? (Kampemba)*

Anayepiga gitaa aichukue, na thamani yake ihesabiwe kwenye fungu lake, iandikwe mbele ya wote. Kama hakuna anayepiga, uzeni mapema. Na betri muitoe leo, kabla hamjaanza kujadiliana.