Pampu zimezimwa, tope bado linatoka: ni gesi au kisima kinapumua?

Juzi nilikaa kwenye simu karibu saa nzima na mdogo wangu mmoja aliyeanza kazi kwenye mtambo wa kuchoronga visima vya mafuta na gesi. Swali lake ndilo hilo la juu. Tope ni ule mchanganyiko mzito tunaousukuma kisimani kwa pampu, uzito wake ndio unaozuia gesi isipande. Kisima kikipita mita 4,000 linakurudia kila mnapozima pampu ili kuunga bomba jingine.

1. Piga hesabu ya shinikizo la tope chini: uzito (kilo kwa lita) × kina cha wima (mita) × 0.0981. Tope la 1.5 kwenye mita 4,000 ni kama bar 589. Kina cha wima, si urefu wa bomba.

2. Pampu zikifanya kazi, msuguano huongeza shinikizo hilo. Mwamba dhaifu hufunguka nyufa na kumeza tope. Pampu zikizimwa, nyufa hujifunga na kulitema. Huko ndiko kupumua.

3. Pima kinachorudi, kila mnapounga bomba, na uanze mapema kisima kikiwa bado kimetulia. Tumia tangi dogo la kupimia. Kipimo cha kwenye mfereji wa kurudishia tope mimi sikiamini. Andika kwa kalamu: dakika ya 1, ya 3, ya 5, ya 10. Kupumua hupungua, na kwa kawaida hufanana na kwa mara iliyopita. Gesi haipungui, au inazidi. Lakini tope likiwa limechanganywa kwa mafuta badala ya maji, gesi huyeyuka ndani yake na kujificha mpaka ikaribie juu, kwa hiyo utulivu pekee si ushahidi. Tena usikimbilie kuongeza uzito. Usiku mmoja tulipandisha tope kutoka 1.62 hadi 1.68 tukidhani ni gesi. Nyufa zikapanuka, kisima kikatema zaidi, kisha kikaanza kumeza moja kwa moja. Tulipambana nacho hadi alfajiri.

4. Ukiwa na shaka, funga kisima kwanza, yaani ziba mdomo wake kwa vali. Kwenye kisima cha mafuta cha Macondo, Ghuba ya Mexico, 20 Aprili 2010, bomba lilionyesha shinikizo la psi 1,400 wakati wa jaribio la kuona kama kisima kimezibika, likatafutiwa maelezo ya kutuliza moyo. Watu 11 walikufa usiku ule.

5. Kisima kikiwa kimefungwa, toa tope kidogo sana, funga, subiri, soma. Shinikizo likishuka kila ukitoa, kinapumua. Likirudi palepale au likipanda, acha kutoa, mwite msimamizi, muanze kuiondoa gesi kwa utaratibu.