Dhoruba Ikikata Umeme Sipi: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Wageni

Msimu wa mvua hapa Sipi, mashariki mwa Uganda, upepo wa Mlima Elgon huangusha mikaratusi, na nyaya zinazopanda kuelekea mji wa Kapchorwa hupita katikati ya miti hiyo hiyo. Tawi moja likilala juu ya waya, Sipi nzima inaweza kukaa gizani usiku kucha. Barabara ikizibwa na udongo, mafundi nao watachelewa. Giza lenyewe halimdhuru mgeni. Kinachoua ni waya ulioanguka, jenereta iliyounganishwa vibaya na sigiri (jiko la makaa) iliyoingizwa chumbani.

Radi ikisikika kwa mbali, chomoa televisheni, ruta na friji, pamoja na waya wa dishi, maana radi hupita humo pia. Kifaa cha kulinda soketi hakihimili radi iliyopiga jirani. Fanya hivyo mapema. Ikishafika juu ya paa, usiguse plagi wala bomba.

Umeme ukikatika, angalia kwanza mita ya Yaka, yaani ya kulipia kabla, huenda uniti zimeisha tu. Halafu tazama kwa jirani. Ukiona baadhi ya taa zimefifia na nyingine zinang'aa kupita kawaida, zima meni swichi papo hapo. Kwenye nyumba yenye fezi tatu hiyo ni dalili kwamba waya wa nyutro, unaorudisha umeme, umekatika, na volti zinaweza kupanda kutoka 240 kuelekea 415. Hakuna friji itakayostahimili hapo.

Waya ukiwa chini, hata kama hautoi cheche, kaa mbali nao angalau mita 10 na uwazuie watoto na ng'ombe. Udongo uliolowa hubeba umeme, na seng'enge iliyoguswa na waya inaweza kumpiga mtu aliye mbali kabisa na nguzo. Ukijikuta karibu, usipige hatua ndefu: buruza miguu ikiwa pamoja mpaka utoke. Toa taarifa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, iliyochukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Kama simu yako bado ina namba za zamani, zibadilishe leo. Taja namba ya mita, transfoma iliyo karibu, na shule au kanisa linalojulikana. Mjulishe pia mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa sababu yeye ndiye atakayeweka watu wa kulinda njia.

Sasa jenereta. Usiiunganishe kamwe kwa waya wenye plagi pande zote mbili, uliochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako utarudi kwenye laini, na transfoma ya mtaa itaupandisha kutoka volti 240 hadi maelfu, 11,000 kwa mfano. Fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa ndiye atakayeupokea. Mwite fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu: laini, katikati imezimwa, jenereta. Kwa swichi hiyo vyanzo viwili haviwezi kukutana. Kama huna, tumia waya wa kuvuta wa nje na uchomeke friji na taa moja kwa moja kwenye jenereta.

Kumbuka pia kwamba hewa ya Sipi ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, jenereta ya petroli hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake, kwa hiyo iliyoandikwa wati 3,000 ihesabu kuwa 2,400. Ikitoa moshi mweusi na plagi ya cheche ya injini ikijaa masizi, petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Fundi aweke jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi kwenye kabureta. Washa friji kwanza ikiwa peke yake, kwa kuwa kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, kisha ongeza taa. Shawa ya umeme na birika visiguswe. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirisha lolote, bomba la moshi likielekea kusiko na watu. Kabla ya kuongeza petroli izime, uiache ipoe dakika 15.

Si lazima ingurume usiku kucha. Iwashe saa 1 hadi saa 4 usiku, halafu kwa muda wa saa moja alfajiri, na katikati tumia betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200, lakini tumia nusu tu, la sivyo haitadumu. Taa nane za LED za wati 5 pamoja na ruta ya wati 10 ni wati 50. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, utapata kama saa 10. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.1, acha hapo.

Baridi ikizidi, wageni wataomba moto. Wape blanketi za ziada na chupa za maji ya moto. Sigiri, hata yenye makaa mekundu yasiyo na moshi, hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Mishumaa na koroboi navyo visiingie kwenye banda la nyasi.

Umeme ukirudi, usishangilie mapema. Mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika chache, na mshtuko huo ndio huchoma vifaa. Kabla haujarudi zima breka zote isipokuwa ya taa moja ya kukuashiria. Taa ikiwaka, subiri dakika 15, kisha pima soketi kwa kipima volti: ikisoma chini ya volti 210 au juu ya 255, endelea kusubiri. Washa breka moja moja, friji iwe ya mwisho.

Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi saa 4. Friza iliyojaa, saa 48, na iliyo nusu, saa 24. Nyama iliyoyeyuka na kukaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili itupwe, hata kama hainuki.