Mama wa vitani: mpe kitu cha kugawa

Ukiandika riwaya ya vita na mhusika wako mama akawa malaika asiye na kasoro, mpe kitu adimu chenye kipimo halisi, akigawe mbele ya wanawe. Chukua Leningrad, mji wa Urusi uliozingirwa na jeshi la Wajerumani, Desemba 1941: mgawo wa mtoto ulikuwa gramu 125 za mkate kwa siku. Mama anamega kidogo kwenye kipande cha mwanawe mgonjwa, anamwongezea yule mwenye nguvu za kwenda kuchota maji mto Neva, kisha anaokota makombo kwa ncha ya kidole. Upendo na dhuluma vimetoka mkono mmoja. Msomaji hajui amlaumu au amlilie. Mbinu hii haifanyi kazi ukimwacha mama ajieleze, au ukimfanya mgonjwa mtoto mkorofi, maana hapo uamuzi unakuwa rahisi mno.