Jinsi ya Kuyasimamisha Majengo ya Arusha kwenye Ramani ya Mtandaoni

Mtu anayefungua ramani ya Arusha mtandaoni, akaiinamisha ili autazame mji kwa upande kama anayeuangalia kutoka kwenye miteremko ya Meru, mara nyingi hukuta majengo yamelala chini kama mikeka: jengo la ofisi lenye sakafu nyingi limelala sawasawa na banda la kuku. Programu za kuonyesha majengo kwa vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo, zipo na nyingine ni za bure. Kinachokosekana ni taarifa za kimo, ambazo hazionekani vizuri kutoka angani, hivyo ni lazima mtu atembee, ahesabu, kisha aandike. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote mwenye akaunti anaruhusiwa kuihariri.

Wapo watakaouliza kwa nini wasipeleke kazi yao Google Earth. Njia hiyo iliwahi kuwepo. Baada ya Google kuinunua programu ya SketchUp mwaka 2006, watu wa kawaida waliweza kuchora majengo ya miji yao na kuyatuma, na yaliyokubaliwa yalionekana ndani ya Google Earth. Mwaka 2012 SketchUp iliuzwa kwa kampuni ya Trimble, na mwaka uliofuata Google ikaacha kupokea kazi za wachoraji hao, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuanza kuiunda miji kwa kompyuta kutokana na picha zilizopigwa na ndege kutoka pembe nyingi. Utaratibu huo hutoa majengo ya kuvutia sana, lakini humfaa yule ambaye ndege imepita juu ya mji wake. Katika OpenStreetMap ndege haihitajiki, na wala mchoraji hachongi sanamu ya jengo; huandika maelezo machache kuhusu jengo lenyewe, na programu ya kuonyesha ndiyo inayolijenga upya kutokana na maelezo hayo.

Msingi kabla ya kuta

Anza kwa kufungua akaunti, kisha uingie katika iD, programu ya kuhariria inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Atakayeizoea kazi anaweza kuhamia JOSM, yenye nguvu zaidi lakini inayomtaka mtumiaji awe na subira. Chagua picha za setilaiti za mandharinyuma, za Bing au za Esri, na uzilinganishe kwanza, kwa kuwa picha za vyanzo viwili huweza kupishana kwa mita kadhaa. Ukikuta barabara nyingi zilizokwisha kuchorwa zimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, yaelekea picha ndiyo iliyohama. Isogeze picha, usizihamishe barabara.

Chora mzunguko wa jengo pale kuta zinapokutana na ardhi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa kinachoonekana wazi kutoka juu ni paa, na setilaiti iliyopiga picha kwa kuinama huliegemeza jengo refu upande mmoja. Dawa yake ni nyepesi: chora paa kama unavyoliona, kisha lishike umbo zima na ulishushe hadi pembe zake ziguse chini ya ukuta unaoonekana. Baada ya hapo bonyeza herufi Q ili pembe ziwe mraba. Usinakili chochote kutoka Google Maps hata kama huko kunaonekana vizuri zaidi, kwa sababu leseni haziruhusu, na kazi iliyonakiliwa hufutwa.

Ghorofa moja ni sakafu mbili

Maelezo ya jengo huandikwa kama lebo, yaani jina la sifa na thamani yake. Lebo ya kwanza na yenye thamani kuliko zote ni building:levels, inayotaja idadi ya sakafu zilizo juu ya ardhi. Lebo zote huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, ulimwenguni kote, ili programu moja iweze kuisoma Arusha kama inavyoisoma Tokyo.

Ugumu wake kwetu unatokana na lugha. Tunaposema nyumba ya ghorofa moja, tunamaanisha nyumba ya chini iliyoongezewa sakafu moja juu yake. Ramani inahesabu sakafu ya chini pia, kwa hiyo nyumba hiyo huandikwa 2. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa huandikwa 1. Niliwahi kumwuliza mlinzi wa jengo moja karibu na Barabara ya Sokoine lina ghorofa ngapi, akanijibu kwa adabu kwamba ni nne, nami nikaandika 4 na kuondoka nimeridhika. Mlinzi alikuwa sahihi kabisa kwa Kiswahili chake na changu, na ramani ikabaki na jengo lililokatwa kichwa kwa miezi kadhaa. Tangu siku hiyo sikubali hesabu ya mdomo. Husimama upande wa pili wa barabara na kuhesabu safu za madirisha mwenyewe, nikianzia na milango ya maduka.

Ardhi ya Arusha nayo ina vituko vyake. Mji umekaa kwenye mteremko unaoshuka kutoka Meru, na jengo lililo kwenye bonde la mto Themi au Naura linaweza kuonyesha sakafu tatu mbele na nne nyuma. Lizunguke jengo kabla ya kuandika. Sakafu iliyozama yote ardhini, kwa mfano ya kuegeshea magari, haiingii katika hesabu hii, bali ina lebo yake, building:levels:underground.

Kwa anayetumia simu ya Android, programu ya StreetComplete hurahisisha kazi hii: humwuliza maswali kuhusu majengo yaliyo karibu naye, likiwemo la idadi ya sakafu na umbo la paa, naye hujibu papo hapo akiwa barabarani.

Kupima kimo bila vifaa vya gharama

Pasipo na kimo, programu nyingi hukadiria takriban mita 3 kwa kila sakafu. Kwa nyumba za kuishi makadirio hayo yanatosha, na sioni sababu ya kujitesa. Kwa kanisa, ukumbi au ghala la eneo la Unga Limited, ambalo kwa hesabu lina sakafu moja lakini linameza lori zima, makadirio hayo ni upotoshaji, hivyo unahitaji lebo ya height. Kipimo huandikwa kwa mita, huanzia sehemu ya chini kabisa ambapo jengo linagusa ardhi na huishia kilele cha paa, bila kuhesabu antena.

Njia ninayoipenda ni ya kivuli. Simamisha wima fimbo ya mita 1 kwenye ardhi tambarare, pima kivuli chake, kisha pima kivuli cha jengo dakika hiyohiyo. Ikiwa kivuli cha fimbo ni mita 0.8 na cha jengo ni mita 8, jengo lina mita 10. Kipimo cha kivuli cha jengo huanzia chini ya ile sehemu inayotupa ncha ya kivuli, wala si ukutani kila mara: kama ncha imetupwa na kilele cha paa kilicho katikati ya jengo, ongeza nusu ya upana wa jengo.

Majira yana maana katika kazi hii. Arusha iko takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa katika wiki ya pili ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo adhuhuri hakuna kivuli cha kupima. Mwishoni mwa Juni jua huwa kaskazini, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na urefu wake huwa karibu nusu ya kimo cha jengo. Adhuhuri yenyewe huku kwetu mwezi huo haiji saa sita kamili bali yapata saa sita na nusu, kwa kuwa tupo magharibi ya mstari unaopanga saa ya Afrika Mashariki. Hata hivyo asubuhi saa tatu ni bora zaidi, kwa sababu vivuli ni virefu na kosa la sentimita chache halina madhara.

Pasipo na jua, ambalo ni jambo la kawaida hapa kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanapotanda asubuhi nzima, hesabu kozi za tofali kwenye ukuta usiopigwa lipu. Tofali la saruji lenye kimo cha inchi 9 pamoja na udongo wake hukaribia sentimita 25, hivyo kozi nne ni mita moja. Fundi yeyote atakuthibitishia hesabu hiyo kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna pia takwimu zilizotengenezwa kwa kompyuta. Google ilitoa hifadhi ya Open Buildings mwaka 2021 ikianza na Afrika, na mwaka 2024 ikaongeza makadirio ya kimo cha majengo kwa miaka ya 2016 hadi 2023. Yanafaa kumwonyesha mtu ni mitaa ipi ina majengo marefu ili apange safari yake. Hayafai kunakiliwa kama kipimo cha jengo moja, kwa kuwa ukali wake, yaani ukubwa wa kitu kidogo kabisa kinachoweza kutofautishwa, ni wa takriban mita 4.

Paa

Andika roof:shape na thamani inayolingana na unachokiona. Paa la miteremko miwili inayokutana kwenye kofia moja ya mabati ni gabled. La miteremko minne ni hipped. Lililochongoka kwenye ncha moja kama hema ni pyramidal. Lililoinama upande mmoja tu, kama la fremu nyingi za maduka, ni skillion. La zege lililo bapa ni flat. Kwa gabled, programu huchukulia kwamba kofia inafuata upande mrefu wa jengo; kama inaufuata upande mfupi, ongeza roof:orientation=across. Kimo cha paa peke yake huwekwa kwenye roof:height, nacho tayari kimejumuishwa kwenye height, kwa hiyo usikijumlishe mara mbili. Rangi huandikwa roof:colour na building:colour, kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Anayeandika kwa tahajia ya Marekani ataishangaa nyumba yake ikibaki ya kijivu.

Kuhusu paa la kuficha, ambalo mabati yake yamezungukwa na ukuta ili lisionekane kutoka barabarani, mimi huandika flat, kwa kuwa ukuta ndio unaolipa jengo sura yake. Wapo wasiokubaliana nami, na picha ya setilaiti inawaunga mkono.

Majengo ya vipande

Jengo lenye sehemu za vimo tofauti halielezeki kwa namba moja. Mfano mzuri ni Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, kilichoanzishwa mwaka 1978 katika majengo yaliyokusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ambayo baadaye yalikuwa ukumbi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015. Lina mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na kila bawa linastahili hesabu yake.

Acha mzunguko wa nje ubaki na lebo ya building, jina na anwani. Ndani yake chora kila sehemu kama umbo linalojitegemea, ulipe building:part=yes pamoja na sakafu, kimo na paa lake. Hakikisha vipande vinaufunika mzunguko wote bila kuacha pengo, kwa sababu programu ikiona vipande hupuuza mzunguko wa nje, na sehemu uliyoisahau itatoweka. Pale ambapo ghorofa imetokeza juu ya baraza au njia ya kupita watu, kama ilivyo kwa maduka mengi ya katikati ya mji, kipande cha juu hupewa min_height, yaani kimo kinapoanzia; bila hiyo, njia ya watu itazibwa na ukuta.

Kabla ya kutuma

Mueleze mwenyekiti wa mtaa unachofanya kabla ya kuzunguka na daftari, na usipige picha wala kupima karibu na kambi za jeshi, vituo vya polisi au magereza. Majina ya wenye nyumba hayaandikwi kwenye ramani. Unapotuma, eleza kwa sentensi moja ulichobadilisha na ulivyokipata. Ramani ya kawaida hubadilika ndani ya dakika chache. Vionyeshi vya vipimo vitatu kama F4map na OSM Buildings huweza kuchelewa, kwa hiyo usirudie kuhariri kwa kudhani kazi imepotea.

Mwisho, kuhusu nondo. Majengo mengi ya Sakina, Kijenge na Njiro yamesimama na nondo zilizochomoza juu ya zege, zikingojea sakafu ambayo mwenye nyumba ataijenga fedha ikipatikana. Andika sakafu zilizopo leo, weka tarehe uliyohakiki kwenye check_date, na upange kurudi.