Waifai ya nyumba ya ghorofa: jinsi ya kuchagua ruta au meshi, na kuifunga ikakubali

Nimetoka kumfungia mama mdogo waifai huko Mbezi, nyumba ya ghorofa moja, tofali za block na slabu katikati, na maswali aliyoniuliza ndo yale yale naulizwa na kila aliyehamia nyumba kubwa, kwahiyo naandika hapa mara moja. Msimamo wangu nausema mapema: hela ya kwanza iende kwenye waya, boksi ni baadaye, iwe ruta moja au meshi, yaani maboksi kadhaa yanayotoa waifai moja nyumba nzima.

Hatua ya 1: Pima

Weka apu ya WiFi Analyzer kwenye simu ya Android (iPhone hairuhusu apu kama hizi kusoma mawimbi, azima simu ya mtu), ingia kila chumba, funga mlango, andika namba unayoiona. Ni namba za hasi. -50 ni safi sana, -67 bado unaongea kwa video bila kukwama, ikifika -75 huko utabaki na "haloo, unanisikia?" tu. Pima 5 GHz na 2.4 GHz (bendi mbili za waifai) kila moja kivyake, maana 5 ina spidi lakini ukuta unaimeza, 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole na mtaa mzima umejazana humo. Slabu yenye nondo inakula mawimbi kuliko ukuta wowote wa ndani, ndo maana sebuleni mambo safi, juu yake hakuna kitu.

Hatua ya 2: Hamisha boksi la faiba

Fundi wa faiba akija anapitishia waya dirisha la kwanza analoliona, boksi linaishia kona ya sebule nyuma ya TV, nusu ya mawimbi yanaenda kwa jirani. Muombe alilete katikati, kwenye korido karibu na ngazi, na liwe juu kidogo, si chini sakafuni. Kama nyumba yako ni ya chini yenye vyumba vitatu vinne, mara nyingi hapa umeshamaliza, usinunue kitu kingine.

Hatua ya 3: Chagua

Nyumba ya chini, kubwa kiasi: ruta moja nzuri ya Wi-Fi 6 inatosha. Idadi ya pembe (antena) isikubabaishe, ruta yenye pembe nane haitoboi slabu.

Ghorofa: chukua meshi, boksi moja kila floo, ya tatu kama nyumba ni ndefu. Mimi napenda TP-Link Deco kwa sababu hata mtu asiye fundi anaiendesha kwa simu. Ila soma spidi ya matundu, yale ya kuchomeka waya wa neti! Deco E4 matundu yake yanaishia Mbps 100, M4 ni ya gigabiti (Mbps 1000), na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Kama kifurushi chako ni Mbps 200 halafu umenunua E4, nusu ya hela unayolipa kila mwezi haitumiki.

Kama nyumba bado inajengwa, achana na meshi za kuweka mezani, funga akses pointi (vifaa vya kurusha waifai tu) za dari kama Omada au UniFi, zinakula umeme kupitia waya huo huo wa neti, hazihitaji soketi wala hakuna mtoto wa kuzichomoa.

Ripita, kile kifaa cha kudaka waifai na kuirusha tena, sinunui wala simshauri mtu. Za kawaida zinapokea na kutuma kwa redio moja, spidi inakatika karibu nusu papo hapo.

Hatua ya 4: Waya (hapa tulia)

Meshi bila waya inafanya kazi, ila maboksi yanaongeana kwa hewa kupitia ile ile slabu iliyokushinda mwanzo. Ukivuta waya kutoka boksi la chini hadi la juu, la juu linapata spidi karibu sawa na la chini. Sasa sikiliza.

Waya wa neti wa Cat5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100, kwahiyo kwa nyumbani usilazimike kununua Cat6, daraja la juu yake, kinachotakiwa ni shaba tupu. Kariakoo kuna waya mwingi wa aluminiamu uliopakwa shaba juu na unauzwa rahisi. Kata kipande, kwangua kwa kisu, ndani kukiwa na weupe mrudishie mwenye duka, huo unavunjika ukiukunja na haufai kabisa kupeleka umeme kwenye akses pointi.

Usiupitishe paipu moja na nyaya za umeme, ni hatari na mawimbi yanaingiliana. Tafuta paipu ya TV ya zamani au pita nje ya ukuta, ila nje tumia waya mweusi wa nje, ule wa ndani jua linaupasua. Kwenda banda la uani au kwa mlinzi usipeleke waya wa shaba, radi ikipiga karibu inaweza kuingia humo ikaunguza matundu pande zote mbili, peleka faiba au rusha kwa hewa.

Halafu vichwa vya waya (RJ45). Pande zote mpangilio mmoja wa rangi: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hili ndo lilitukalisha kwa mama mdogo hadi usiku: kila kitu kimewaka, intaneti ipo, ila juu spidi haivuki 95 hata ufanyeje. Tumebadilisha boksi, tumeweka upya programu, wapi. Kumbe uzi mmoja wa bluu haukushika kwenye kichwa alichofunga fundi wa zamani. Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, machungwa na kijani, gigabiti inataka zote nne, kwahiyo bluu au kahawia ikilegea waya haufi, unashuka kimya kimya hadi 100 na wewe unalaumu kifaa. Nunua testa ya waya, ni ya bei ndogo, taa nane ziwake kwa mpangilio ndo uchomeke.

Hatua ya 5: Washa

Zima waifai ya boksi la faiba, zisishindane. Kama meshi ndo ruta yako, boksi la juu lichomeke kwenye boksi kuu la meshi au swichi ya neti iliyochomekwa kwake, kamwe si moja kwa moja kwenye boksi la faiba. Ukiiweka kama akses pointi tu, popote ni sawa, na hii inaondoa shida ya ruta mbili kugawa anwani ambayo inasumbua magemu na kamera.

Mwisho nunua UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya boksi la faiba na boksi kuu la meshi, lakini kwanza soma nyuma ya adapta, nyingi ni volti 12 ila zipo za 9, na ampia za UPS zisiwe chini ya zile zilizoandikwa hapo.