Futa nyuzi kabla hujaliweka gitaa
Kama unapiga gitaa huku pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, jua kwamba jasho la vidole na hewa ya chumvi hula nyuzi za chuma haraka sana. Ukimaliza kupiga tu, chukua kitambaa kikavu cha pamba, hata fulana kuukuu inafaa kabisa. Kizungushe kwenye uzi mmoja mmoja, ubane kwa vidole viwili, uvute kutoka shingoni hadi karibu na tundu. Utaona mstari mweusi kwenye kitambaa. Huo ndio uchafu unaofubaza sauti. Maji usitie kabisa. Na upapase uzi kwa upande wa chini: ukikwaruza kidole, badilisha, hata kama haujakatika.