Mafundo ya Utepe na Maua ya Jelatini kwa Keki: Namna ya Kuyatengeneza Katika Hewa ya Bukavu

Fundo la utepe linalopitisha mwanga, likiwa limekaa juu ya keki ya harusi, hutokana na vitu viwili tu, yaani jelatini na maji. Upishi wake ni mfupi. Utakaa jikoni kwa muda usiozidi nusu saa, kisha utasubiri usiku mzima au zaidi ili utando ulioumwaga ukauke, na ni katika kusubiri huko ambako kazi hufaulu au huharibika. Maelekezo mengi yanayosambaa yanachukulia kwamba nyumba ya msomaji ina hewa kavu wakati wote. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mvua zake huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo anayeyafuata neno kwa neno mwezi wa Novemba atakuta asubuhi utando wake bado unanata vidoleni. Kwa sababu hiyo nitatumia maneno machache kuhusu kuchanganya na mengi kuhusu kukausha.

Jelatini ya kununua

Inayohitajika ni jelatini ya unga au ya majani, isiyo na ladha wala sukari. Pakiti za jeli ya watoto, zenye rangi na harufu ya matunda, hazifai hata kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya yaliyomo ni sukari, na sukari huzuia utando usikauke. Agari itokanayo na mwani nayo ni kitu tofauti, ambacho hakiwezi kuwekwa mahali pa jelatini kwa vipimo vilevile.

Kabla ya kulipa, soma kifurushi. Jelatini ni protini inayotolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, hasa nguruwe na ng'ombe, na mara nyingine samaki. Bidhaa nyingi zinazofika kwetu zina maandishi ya Kifaransa, na neno la kutafuta ni «porcine» au «de porc» kwa nguruwe, «bovine» au «de bœuf» kwa ng'ombe. Katika mji wenye Waislamu na Waadventista, kumuuliza mteja jambo hili siku anapoagiza keki ni sehemu ya ufundi, maana mgeni wa harusi hatasoma kifurushi chako bali atakuwa amekuamini. Ikiwa kifurushi hakisemi jelatini imetoka kwa mnyama gani, usimhakikishie mtu chochote.

Kuchanganya

Kwa karatasi moja ya plastiki yenye ukubwa wa A4, pima gramu 10 za unga wa jelatini, ambazo ni kama kijiko kikubwa kimoja, na mililita 45 za maji baridi, yaani vijiko vikubwa vitatu. Nyunyiza unga juu ya maji kidogo kidogo. Ukifanya kinyume chake, yaani ukimwaga maji juu ya unga, utapata madonge ambayo katikati yake ni makavu. Acha mchanganyiko unywe maji kwa dakika 10 mpaka uvimbe na kuwa mzito. Kama una majani ya jelatini, yenye uzito wa gramu 2 kila moja, vunjavunja majani matano ndani ya maji hayohayo yaliyopimwa; usiyaloweke kwenye beseni na kuyakamua kama mapishi ya krimu yanavyoagiza, maana hutajua yamebeba maji kiasi gani.

Chemsha maji katika sufuria, iondoe kwenye mbabula (jiko la makaa), kisha weka bakuli la jelatini juu yake. Jelatini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 35 hivi, kwa hiyo mvuke huo unatosha, na hakuna haja ya moto wa moja kwa moja. Ikichemka kwa muda mrefu hupoteza nguvu yake ya kushikamana. Koroga taratibu kwa kijiko, usipige, kwa sababu kila kipovu kinachoingia kitabaki kikionekana katika utando mkavu. Baada ya kuyeyuka, acha bakuli litulie juu ya maji ya moto kwa dakika 10; povu jeupe litapanda juu, nawe utaliondoa kwa kijiko au kwa kugusisha tishu juu yake. Matone machache ya vanila isiyo na rangi hufunika harufu ya jelatini.

Wapo wanaoongeza gliserini ili utando uwe laini na usivunjike. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, robo ya kijiko cha chai inasaidia. Wakati wa mvua ningeiacha kabisa, kwa kuwa gliserini huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu ndio tunaopambana nao.

Rangi

Tumia rangi za chakula zinazoyeyuka katika maji, si zile za mafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya chokoleti. Usiihukumu rangi ndani ya bakuli, maana kina cha bakuli huifanya ionekane nzito kuliko itakavyokuwa. Dondosha tone juu ya sahani nyeupe, litandaze, na hapo ndipo utaona rangi halisi. Kuhusu rangi nyeupe inayotumika kufanya utepe usipitishe mwanga, angalia kama ina E171, ambayo ni titani dioksidi, kwa sababu Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chakula mwaka 2022.

Poda za kung'aa zinahitaji tahadhari zaidi. Maandishi yanayosema kwamba poda haina sumu hayamaanishi kwamba poda hiyo ni chakula. Mwaka 2021, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa kuhusu watoto wa Rhode Island walioanza kutapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa poda ya aina hiyo, ambayo ilikuwa imejaa shaba. Ikiwa kwenye chupa hakuna orodha ya viambato, poda hiyo ibaki kwenye kadi za mwaliko.

Kumwaga na kukausha

Utahitaji karatasi ya plastiki iliyonyooka, laini na inayofaa kwa chakula. Zile zinazouzwa kwenye vibanda vya fotokopi kwa ajili ya kufungia ripoti zina umbo zuri, lakini hazikutengenezwa kuguswa na chakula. Pambo lililokaushwa juu yake lichukuliwe kuwa la kutazamwa tu, na liondolewe kabla ya keki kukatwa. Pangusa karatasi kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya kupikia, kisha ipanguse tena kwa kitambaa kikavu, maana mafuta yakizidi, jelatini itakimbia na kuacha matundu.

Mwaga jelatini ikiwa vuguvugu, halafu inamisha karatasi huku na huku mpaka ienee, au itandaze kwa burashi pana. Burashi huacha mistari myembamba, na ukiipitisha upande mmoja tu, mistari hiyo huupa utepe sura ya hariri. Watu wengi huogopa utando mwembamba na kumwaga nyingi zaidi. Hilo ni kosa katika hewa yetu, kwa sababu utando mnene huganda juu huku chini ukibaki na maji, na sehemu hiyo ya chini inaweza kuota ukungu kabla ya kukauka. Gramu 10 kwa karatasi ya A4 zikikauka huacha unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na huo unatosha kusimama wenyewe.

Laza karatasi mahali palipo sawa, ndani ya chumba ambacho hakipikiwi. Mvuke wa sufuria ya maharage unatosha kurudisha nyuma kazi ya saa nyingi. Jua la moja kwa moja pia halifai, na wala usisogeze karatasi karibu na mbabula, kwa kuwa jelatini ambayo bado ina maji huyeyuka upya. Kinachokausha ni hewa inayotembea: feni ikiwa kwenye mwendo mdogo, au madirisha mawili yanayotazamana yakiachwa wazi mchana ikiwa mvua haijaanza. Umeme ukikatika usiku, vumilia hadi asubuhi. Kuingiza mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha pambo ni kuhatarisha maisha ya waliolala humo.

Wakati wa kiangazi utando hukauka kwa saa 12 hadi 24. Wakati wa mvua jipangie siku mbili, na umwambie mteja hivyo. Dalili ya kukauka ni kingo kuanza kujiinua zenyewe kutoka kwenye plastiki.

Kufunga fundo

Hapa pana siri ya wakati ambayo maelekezo mengi huipita haraka. Utando uliokauka kabisa hauwezi kukunjwa, kwa sababu huvunjika. Utando mbichi nao hujishikanisha wenyewe. Kati ya hali hizo mbili kuna kipindi ambacho utando haunati tena kidoleni lakini bado unapinda bila kupasuka, na kipindi hicho ndicho cha kukata na kuunda. Saa sita zikishapita tangu kumwaga, uguse kila baada ya saa moja au mbili. Ikiwa umechelewa, pitisha kipande juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, nacho kitalainika.

Kwa fundo la kawaida, kata vipande viwili vya sentimita 15 kwa 3 kwa ajili ya mabawa, kipande kimoja kifupi cha kuzungusha katikati, na viwili vya mikia, ambavyo ncha zake zitakatwa kwa pembe. Tumia mkasi mkali wenye ubapa mrefu, kwa kuwa kila mara mkasi unaposimama huacha jino ukingoni. Kutanisha ncha za kila bawa bila kuacha alama ya mkunjo, zipake jelatini vuguvugu kwa burashi ndogo, na zibane kwa kibanio cha nguo kwa robo saa. Ndani ya bawa ingiza tishu iliyoviringwa ili libaki wazi linapokauka. Unganisha mabawa mawili kwa jelatini ileile, zungusha kipande cha katikati, gundisha mikia kwa nyuma, na uliache fundo usiku mwingine mmoja.

Fundo kubwa lenye mabawa mengi hujengwa kwa tabaka juu ya duara dogo la jelatini: mabawa sita chini, manne juu yake yakiziba nafasi, na moja au mawili katikati. Tengeneza mabawa mawili ya ziada, maana lazima moja litapasuka.

Maua

Waridi ndilo linaloombwa zaidi, ingawa kwa maoni yangu ndilo linalopendeza kidogo kuliko yote kwa jelatini, kwa kuwa petali zake nyingi zikikaa moja juu ya nyingine huzuia mwanga, na mwanga ndio uzuri wote wa kitu hiki. Ua linalostahili jelatini limepanda kwenye nyua nyingi za Bukavu: bugenvilia. Majani yake ya rangi ni membamba kama karatasi hata yakiwa hai, huja matatu matatu, na katikati yake hukaa maua madogo meupe, ambayo ndiyo maua yenyewe.

Pinda waya mwembamba uwe kitanzi chenye umbo la jani, sentimita 3 kwa urefu, na uache mkia wa kushikia. Acha jelatini ipoe mpaka iwe nzito kidogo, zamisha kitanzi chote ndani yake, kisha kiinue polepole kikiwa kimelala upande. Utando utajishika ndani ya kitanzi. Ukipasuka, jelatini bado ni ya moto mno au ni nyepesi. Subiri dakika chache ujaribu tena. Chomeka mkia wa waya kwenye kopo la mchanga au mchele, na petali itakuwa imekauka baada ya saa chache. Funga petali tatu pamoja kwa mikia yao. Waya hauruhusiwi kuingia ndani ya keki ukiwa mtupu. Tumbukiza mkia katika kipande cha mrija safi, kisha uchomeke mrija huo.

Asiyependa waya akate petali kutoka kwenye utando ulio katika kipindi kile cha kupinda, na azilaze mgongoni mwa vijiko vilivyopakwa mafuta kidogo mpaka zikauke zikiwa na mzingo.

Kuweka juu ya keki

Pambo kavu hulainika likikutana na maji. Juu ya keki iliyovikwa sukari ya kukandwa litadumu siku nzima. Juu ya krimu ya siagi, pakaza kwanza chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa upande wa chini wa pambo, uiache igande, halafu uliweke saa ya mwisho. Juu ya krimu ya kupiga, ambayo ndiyo hupendwa sana kwetu, pambo lipandishwe ukumbini muda mfupi kabla ya keki kuingizwa. Nanasi na papai mbichi zisiguse pambo kamwe, maana vimeng'enya vyake huvunja protini ya jelatini. Friji pia ni adui: keki inapotoka, umande hushika juu yake, na utepe hulala.

Kwa hiyo beba mapambo peke yake, ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyopatikana kwenye masanduku ya viatu vipya, vikiwa vimefungwa pembeni visiguse kitu. Anayepeleka keki Goma kwa boti asifungue kopo hilo ziwani. Mabaki ya utando usio na poda wala chokoleti yasitupwe. Yakate madogo, yaloweke katika maji kidogo, yayeyushe kama mwanzo, na utapata gundi ya kutosha kwa fundo linalofuata.